Gia Zilizosikika Mpaka Kilimatinde

Kijiwe chetu kiko Mandewa, hapa Singida, mbele ya duka la spea la Stumai. Kina benchi moja refu la mbao, matofali matatu ya wanaochelewa, na jiko la mkaa la mzee Selemani muuza kahawa. Ukifika kabla ya saa mbili asubuhi unapata benchi. Ukichelewa unapata tofali na hoja zilizobaki. Hapa hakuna jambo linaloshindikana. Tumeshamaliza tatizo la mvua, tatizo la waamuzi wa mpira na tatizo la bei ya vitunguu, yote kwa kahawa na kashata, na hajatokea mtu hata mmoja kuja kutushukuru. Mimi wananiita Mashudu kwa sababu nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na nguo zangu zinanuka alizeti hata nikiwa kanisani. Niseme mapema: Jumamosi ile mwenye makosa nilikuwa mimi. Ila kama ilivyo kawaida ya kijiwe, nilikuwa wa mwisho kujua.

Tulimsikia Gervas kabla ya kumwona. Kule kwenye kona ya msikiti gia iligonga kraa, mbuzi wa jirani yetu Ziada wakatimua mbio, ikagonga tena kraa, na mzee Selemani akaanza kummiminia kahawa yake. Gervas ni dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole mpaka anatia huruma. Ukimtuma anakwenda, ukimshauri anafanya. Neno hapana sijawahi kulisikia mdomoni mwake, na kusema kweli sisi tulimpenda kwa hilo hilo. Mshauri anapenda mtu wa kusikiliza.

Siku hiyo hakuwa na raha hata kidogo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimeng'aa, na uso wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

— Shikamoo mzee Selemani. Shikamoo mzee Bonifasi.

— Marahaba, alisema Selemani. Kaa kwanza. Saa ngapi unatakiwa kuwa kule?

— Saa nane mchana, mzee. Na gia ndiyo mmezisikia wenyewe.

Tulizisikia. Mandewa nzima ilizisikia, na wiki mbili nyuma zilikuwa zimesikika mpaka Kilimatinde, na huko ndiko mambo yalikoharibikia. Gervas anampenda Hana, binti wa Kilimatinde, na Hana anampenda. Mshenga alikuwa huyu huyu mzee Bonifasi, tunayemwita Katiba kwa sababu kila hoja yake ina ibara. Basi wawili hao wakapanda pikipiki kupeleka barua ya posa. Kilimatinde iko juu ya kilima. Kwenye mpando Gervas akatoa gia ya tatu kwenda ya pili, ikapiga kelele, ikakataa kuingia, pikipiki ikarudi nyuma, na Katiba akamalizia safari kwa miguu, barua mkononi na suti imejaa vumbi.

Baba yake Hana, mzee Leonidas, alikuwa amekaa uani kwake. Huyo mzee ameendesha lori la mizigo miaka thelathini, na anasikiliza gia kama wengine wanavyosikiliza redio. Barua aliipokea kwa heshima zote. Kisha akatoa sharti moja, na Katiba amelikariri neno kwa neno.

— Alisema hivi, Katiba alitukumbusha, akiwa amefumba macho. "Jibu mtapata baada ya wiki mbili, Jumamosi. Kijana aje mwenyewe, na pikipiki ile ile. Nikimsikia anapanda kilima gia zinaingia kistaarabu, ataketi tuongee. Nikisikia anapasua kuni, ageuzie huko huko chini. Mtu anayelazimisha gia atamlazimisha na mtoto wangu."

Gervas aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nikafanya nilichokuwa nafanya kila asubuhi kwa miezi mitatu: nikachomoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho chenye mafuta ya alizeti, mabichi kabisa, ya kukamuliwa jana yake, nikadondoshea matone mawili kwenye waya wa klachi, pale unapoingilia mkononi. Waya huo ulikuwa unalia kii kii zamani, nami ndiye niliyeunyamazisha. Kijiwe kizima kilinisifu siku ile. Tangu hapo ikawa kama ibada.

— Haba na haba hujaza kibaba, nilisema.

— Na wewe na kibaba chako, alisema Injinia. Tatizo liko kwenye oili.

Huyu Injinia jina lake ni Nathan. Anatengeneza redio na pasi za umeme, na hizo pasi nyingi bado anazo. Lakini akishika bisibisi anaongea kama aliyetoka kiwandani. Alituambia oili ya Gervas ni nyepesi mno kwa joto la Singida, kwa hiyo meno ya gia yanagusana makavu. Dawa yake ni oili nzito, ile ya matrekta.

— Nilishatia, kaka, alisema Gervas. Wiki iliyopita, uliponiambia.

— Ulitia nyingi?

— Nilitia kama ulivyosema.

— Basi ilitakiwa zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Methali hiyo ilikuwa inatafuta nini kwenye oili hatukujua, lakini ilisemwa kwa sauti nzito, kwa hiyo tulitikisa vichwa.

Katiba aliweka kikombe chini. Alisema tuache oili, tutazame mguu. Kwa maoni yake Gervas anabadilisha gia polepole mno, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Gia inataka kupigwa ghafla, kabla haijajua.

— Hapana, mzee, alisema Injinia. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa mnanichanganya, alisema Gervas. Jana nilipiga ghafla, mkanisimamisha mkasema nipige polepole.

— Ndiyo demokrasia, alisema Katiba.

Tukanywa raundi ya pili, na hapo moto ukawaka kweli. Injinia alisimama. Alisema kama si oili basi ni chumvi. Gervas anapaki karibu na ziwa Singidani akisubiri abiria, maji ya ziwa lile yana magadi, upepo unapuliza, magadi yanaingia kwenye giaboksi, na meno yanaota kutu kwa ndani. Akaonyesha kwa vidole vyake jinsi meno yanavyoota kutu, na nilikaribia kuyaona.

Mimi nami sikukubali kubaki nyuma. Nilisema chumvi ni kitu kidogo. Tatizo ni upepo wenyewe. Singida ina upepo kuliko mkoa wowote ninaoujua, na najua miwili. Upepo wa mbele unaisukuma pikipiki nyuma wakati gia inaisukuma mbele, sasa meno katikati yafanye nini?

— Yagombane, alisema Injinia, akiwa ameguswa kabisa.

— Yagombane, nilisema.

— Wote mnacheza, alisema Katiba. Tazameni mawe.

Tuliyatazama. Singida huwezi kutazama popote usione mawe, makubwa kuliko nyumba, yamekaa tu. Katiba alieleza kwa utulivu kwamba mawe yale yana sumaku. Gia ni chuma. Pikipiki ikikatiza katikati ya mawe mawili, jiwe la kulia linaita gia kulia, la kushoto linaita kushoto, na dereva aliye katikati anadhani ni pikipiki mbovu. Ndiyo maana kule Kilimatinde gia ilikataa kabisa, kwa sababu kilima chote kile ni jiwe.

— Na dawa yake? aliuliza Gervas, na alikuwa anauliza kweli.

— Dawa ni kuvaa suruali ya kitambaa kizito, alisema Katiba. Hiyo yako nyepesi inapitisha sumaku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee Selemani alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi sikucheka. Niliona hoja ina uzito, na hilo linanitia aibu mpaka leo.

Gervas alisimama, akatembea mpaka kwenye pikipiki, akarudi. Alisema kuna kitu kingine alikuwa anakiona. Akisimama njia panda na gia ya kwanza, klachi kaikamata mpaka mwisho, pikipiki inamvuta. Inataka kuondoka peke yake.

— Ina haraka, alisema Injinia. Hiyo ni injini yenye afya.

— Na mkono wa klachi siku hizi mgumu, vidole vinauma.

— Unazeeka, nilimwambia, na wote tukacheka.

Ilikuwa inakaribia saa nne. Gervas alisema kwa sauti ndogo kwamba labda asiende. Akienda na gia zile, mzee Leonidas atamsikia toka chini, na hatapata nafasi ya pili. Akikaa, angalau hatafukuzwa mlangoni Hana akiwa anatazama. Hapo hakuna aliyekuwa na methali. Nilimtazama na shati lake jeupe, moyo ukaniuma sana, maana alishanionyesha kwenye simu picha ya kitambaa ambacho Hana alimshonea mama yake Gervas.

— Dawa mnazo nyingi, ilisema sauti ya mwanamke nyuma yetu. Mgonjwa mmempima?

Tuligeuka. Alikuwa mama wa miaka arobaini na tano hivi, kaketi juu ya pikipiki nyekundu, nyuma kafunga tenga tupu la kuku, manyoya machache bado yameng'ang'ania kamba. Helmeti ilikuwa kichwani. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa amefika, amesimama na amezima, na hakuna kati yetu aliyesikia chochote.

— Shikamoo mama, tulisema sisi wadogo.

— Marahaba. Naomba kahawa, mzee wangu.

Selemani alimpa. Alikunywa akiwa amesimama, akatuambia ananunua kuku vijijini huko Ikungi na kuwaleta sokoni mjini, mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo pikipiki anaishi nayo. Kisha akamrudishia Selemani kikombe, akaenda kwenye pikipiki ya Gervas, akakamata mkono wa klachi, akauachia. Mkono haukurudi upesi. Ulirudi taratibu, kama mtu anayeamshwa Jumapili.

— Ukikamata klachi inakuvuta, siyo?

— Inavuta, mama, alisema Gervas.

— Basi klachi haiachii. Injini inaendelea kuzungusha gia wakati wewe unaibadilisha, na ndiyo inakupigia kelele. Hujalazimisha wewe. Umelazimishwa.

Gervas alimtazama kama aliyefunguliwa dirisha. Mama yule aliomba spana namba kumi. Stumai aliitoa dukani, naye akaulegeza waya, akauchomoa wote toka kwenye ala yake, akaushika juu tuuone. Ulitoka kwa shida, umepakwa utomvu wa rangi ya asali, mnene, umekamata vumbi jekundu na chembe za mchanga. Karibu na mkono nyuzi nne zilikuwa zimekatika na nyingine zimevutika. Alitueleza kwamba waya ulikuwa unakwama, kijana anavuta kwa nguvu zaidi, waya unarefuka, na mwishowe anavuta mpaka mwisho wa mkono wakati klachi imefunguka nusu tu.

Alinusa vidole vyake. Akanusa tena.

— Nani amekuambia utie mafuta ya kupikia humu?

Injinia alitazama bisibisi yake. Katiba akatafuta ibara, akaikosa. Gervas, masikini, alikuwa na jina langu mdomoni na hakulitoa. Mimi nilikuwa natazama ule utomvu. Nilikuwa naufahamu. Kila Jumamosi mchana ndiyo kazi yangu kukwangua sakafu ya mashine, mahali mafuta yalipomwagika yakakauka yakawa gundi, nakwangua kwa chepe mpaka mikono inatoka malengelenge. Miaka minne nakwangua gundi hiyo hiyo, na miezi mitatu naidondoshea kwenye klachi ya rafiki yangu, nikisifiwa.

— Ni mimi, mama, nilisema. Nafanya kazi kwenye alizeti.

— Unajua yakikauka yanakuwaje?

— Najua. Ndiyo kinachoniuma.

Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilikwenda mwenyewe kwa Stumai nikachukua waya mpya. Mama aliufunga yeye, akaupa matone machache ya oili nyepesi, akaurekebisha mpaka mkono ukawa na nafasi kidogo mwanzoni, unene wa sarafu mbili. Alitaka pia ile oili ya matrekta imwagwe, na Injinia ndiye aliyeshika beseni. Wakatia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kitabu kilikuwa chini ya siti siku zote, ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa.

Gervas akapiga kiki. Akakamata klachi, akagusa gia kwa kidole cha mguu. Tik. Gia ya pili, tik. Akazunguka mbele ya duka, akapandisha, akashusha, tik, tik, tukaruka wote kama timu imefunga. Katiba alimkumbatia Injinia. Mzee Selemani alitoa kashata za bure, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue.

Kelele zilipopungua, mama alifuta mikono kwa kitambaa.

— Naitwa Agripina. Leonidas ni kaka yangu, na Hana ni mtoto wangu, mimi ni shangazi yake. Kabla ya jibu lazima ukoo umuulizie kijana mahali anaposhinda. Nimetumwa kuuliza, nami nina swali moja tu.

Ni desturi, tuliijua, tena tulikuwa tumejiandaa. Katiba alikuwa na hotuba nzima: kijana hanywi, hapigani, anamtunza mama yake.

— Huyu kijana, akipewa ushauri mbovu na watu anaowaheshimu, huwa anaweza kuukataa?

Katiba alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Injinia akatazama ziwa lilipo. Tungesema ndiyo, waya wa zamani ulikuwa pale chini umelala kwenye vumbi, unashuhudia. Tungesema hapana, harusi imekwisha. Tuliomshauri ni sisi, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwona anakataa. Nilitamani dunia inimeze na kichupa changu.

Gervas alikuwa amevaa helmeti, anajiandaa. Sijui kama alisikia. Injinia, nadhani ni kwa kuchanganyikiwa, alimsogelea na galoni lake la oili ya matrekta.

— Mdogo wangu, kilima kile kikali. Nikuongezee kidogo tu hii nzito, ya akiba.

— Hapana, kaka Nathan.

Alilisema polepole, bila hasira, mkono mmoja kifuani kwa heshima. Injinia alibaki na galoni hewani. Mama Agripina alipanda pikipiki yake nyekundu.

— Tangulia, alimwambia. Mimi nitakuwa nyuma, nikusikie.

Tulitega masikio mpaka kona ya msikiti. Mbuzi wa Ziada walikuwa katikati ya barabara, wakasogea tu kupisha, wakaendelea na majani yao.

Nilikwenda kukwangua sakafu yangu. Niliporudi saa nane na robo, kahawa ilikuwa imekwisha, Selemani kashalilaza dele, birika lake la kahawa, kwenye majivu, lakini hakuna aliyeondoka. Simu ya Katiba ilikuwa juu ya benchi na wote wameizunguka. Ikaita. Katiba akaweka sauti ya nje.

— Mzee Bonifasi, ilisema sauti ya mzee Leonidas, na ilikuwa kali. Nimekaa uani tangu saa sita, nimezima hata redio. Nimesikiliza kilima chote, sijasikia pikipiki. Kijana wenu anakuja au haji?

Katiba alitutazama. Njiani kuna mengi, na Injinia alishafumba macho. Nilitaka kumwambia Katiba aseme ametoka saa tano, aseme chochote, lakini kabla hajapata neno tulisikia kuku wanakimbia kule upande wa pili wa simu, na sauti tunayoijua, karibu kabisa na yule mzee.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, alisema mzee Leonidas. Wewe umepitia wapi?